Bima imepanda, na shemeji anasema tudanganye

Dada Mshauri, shikamoo.

Karatasi ya kuhuisha bima ya gari iko mezani, na zimebaki wiki tatu bima ya sasa iishe. Gari letu lina miaka tisa. Tulilinunua kwa mkopo wa benki miaka sita iliyopita na mkopo tukaumaliza mwaka jana. Muda wote huo tumekuwa tukikata bima kubwa, ile inayolipia na gari lenyewe. Miaka mitano ya kwanza sikudai hata mara moja, nikafikia punguzo la asilimia 50.

Mwaka jana nilikuwa narudi nyuma nikagonga nguzo ya geti. Taa ya nyuma ya kushoto ilipasuka na bampa likachubuka. Nikasema si ndiyo kazi ya bima? Nikajaza fomu ya madai, nikalipa sehemu yangu gereji, kampuni ikamalizia. Baadaye nilipokaa na risiti niliona mimi nilitoa theluthi mbili ya gharama, wao theluthi moja. Sasa punguzo lote limefutwa na natakiwa kulipa mara mbili ya mwaka jana.

Shemeji yangu ana majibu matatu. La kwanza, tuhamie bima ndogo. La pili, tuandike bima kwa jina la mama mkwe, kwa kuwa ana leseni ya miaka mingi na hana historia ya ajali, ingawa gari hili haliendeshi zaidi ya mara mbili kwa mwaka. La tatu, tutaje nusu tu ya thamani ya gari, maana ada inahesabiwa kwa thamani. Mume wangu ameyapenda yote. Mimi moyo unasita.

Huenda na haya yana maana: siku hizi nafanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Mpwa wangu wa miaka 22, niliyemwandikisha kama dereva alipokuwa anaishi kwetu, ameshahama. Na tangu miezi minne iliyopita mume wangu hubeba abiria wa kulipia jioni mbili tatu kwa wiki, kupitia programu ya simu. Hilo hatujawaambia watu wa bima.

Tupunguzeje ada bila kujitafutia balaa?

Mama mwenye karatasi mezani

*

Marahaba, mdogo wangu.

Sentensi yako ya abiria wa kulipia nimeisoma mara tatu, na ndiyo nitakayoanza nayo. Tunaweza kuhangaika hapa mpaka ada ishuke ibaki robo, lakini kama mkataba hautalipa siku ya ajali, hiyo robo nayo umeitupa.

Kabla sijaanza kuandika safu hii niliuza bima miaka kumi na moja. Bima ya gari binafsi kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani na kwenda kazini. Kubeba watu kwa malipo ni kundi jingine lenye bei nyingine, kwa sababu gari linakuwa barabarani saa nyingi zaidi, usiku zaidi, na wageni ndani. Mikataba mingi ya gari binafsi inasema waziwazi kwamba ajali ikitokea gari likiwa limebeba abiria wa kulipia, bima hailipi. Namkumbuka mteja mmoja aliyesema alikuwa anampeleka rafiki yake. Mtathmini alikuwa amepiga picha ndani ya gari palepale barabarani. Simu imebandikwa kwenye dashibodi, kioo hakijazima, ramani ya safari inaonekana na chini yake nauli imeandikwa. Faili lilifungwa siku hiyohiyo. Mteja alikuwa amelipa ada kwa uaminifu miaka minane.

Kwa hiyo kwanza kabisa, wewe na mume wako mkae muamue: ama anaacha, ama mnawaambia watu wa bima. Kampuni nyingine zina nyongeza ya matumizi ya namna hii, nyingine zitawataka muwe na bima ya biashara kamili. Ada itapanda, sikufichi. Pigeni hesabu ya kile anacholeta nyumbani baada ya mafuta, matairi na hiyo nyongeza. Ikiwa hakibaki kitu cha maana, basi kazi yenyewe haikuwa inalipa. Ilionekana inalipa kwa sababu mlikuwa mnaifanya bila bima. Na msingoje siku ya kuhuisha. Kwa sasa, kila jioni anapotoka na abiria, mnatembea bila kinga.

Msiogope kusema ukweli. Mwaka 1766 huko Uingereza, Jaji Lord Mansfield aliamua kesi ya Carter na Boehm, iliyohusu bima ya ngome moja kisiwani Sumatra. Hapo ndipo aliposema wazi kwamba anayeomba bima lazima aeleze anayoyajua kuhusu hatari, kwa kuwa mwenye kuuza bima anategemea maelezo hayo. Kanuni hiyo bado imo katika sheria za bima za nchi nyingi. Wengi hawajui kwamba katika kesi yenyewe aliyekata bima ndiye aliyeshinda: jaji aliona kwamba mwenye kuuza bima alikuwa anaijua hatari, au alipaswa kuijua, kwa hiyo hakuweza kujificha nyuma ya madai ya kufichwa. Ukishawaambia kwa maandishi, na nakala ukabaki nayo, siku ya ajali hawawezi kusema hawakujua.

Sasa shemeji. Simchukii, watu wengi wanafikiri kama yeye, lakini ushauri wake wa pili na wa tatu ni wa kuchoma moto.

Kuandika bima kwa jina la mama mkwe wakati anayeendesha kila siku ni wewe na mume wako ni kuidanganya kampuni ya bima kuhusu dereva mkuu. Wapelelezi wa madai wanaukagua ujanja huu kwanza, kwa sababu ni wa zamani na kila familia imewahi kuufikiria. Wanaangalia gari linalala wapi, nani alikuwa nalo, kadi ya gari ina jina gani, wanauliza majirani. Ikigundulika, dai linaweza kukataliwa, na mama wa watu ndiye atakayekuwa ametia sahihi uongo. Halafu fikiria na hili: hata mambo yakienda salama miaka mitano, punguzo la kutodai litakuwa lake. Wewe utabaki pale ulipo leo.

Kwenye thamani ya gari ndipo penye fedha yako. Shemeji amegusa mahali sahihi kwa mkono usio sahihi.

Shika hesabu nyepesi, kwa fedha ya nchi yoyote. Tuseme mlinunua gari kwa 10,000, na kampuni inatoza asilimia 4 ya thamani. Ada kamili ni 400. Miaka sita imepita, na gari kama hilo leo linauzwa 6,000. Mkataba wako unasema ngapi? Nakusihi uache kusoma, uchukue ile karatasi, utafute mstari wa thamani iliyokatiwa bima. Nimeona karatasi nyingi sana ambapo tarakimu ya siku ya kununua imenakiliwa mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Na kwenu kulikuwa na mkopo, kwa hiyo huenda benki ndiyo iliyotaka thamani hiyo tangu mwanzo.

Kosa la thamani kubwa ni kwamba hailipwi. Bima inarudisha ulichopoteza, haikutajirishi. Gari likiharibika kabisa kesho, mtathmini ataangalia lilikuwa na thamani gani sokoni siku moja kabla ya ajali, atasema 6,000, na utapewa hizo, toa kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Zile 4,000 za juu umezilipia ada kila mwaka na hazipo. Ukirekebisha thamani kwenda 6,000, ada kamili inashuka kutoka 400 hadi 240, na ulichopoteza katika ulinzi ni sifuri. Isipokuwa tu kama una mkataba wa thamani ya makubaliano, ambapo kampuni imekubali kwa maandishi kulipa kiasi kilekile kilichotajwa. Hiyo hutumika zaidi kwa magari ya kale na ya wakusanyaji. Lenu silo.

Ukishuka chini ya ukweli, kama anavyotaka shemeji, unaangukia shimo la upande wa pili. Mikataba mingi ina kipengele cha uwiano. Ukitaja 3,000 kwa gari la 6,000, umekata bima ya nusu ya gari, na kila hasara italipwa nusu, hata ndogo. Matengenezo ya 1,000 utalipwa 500. Watu huwa wanadhani adhabu inakuja gari likiungua lote. Hapana, inakuja hata bodi likibonyea upande mmoja.

Kwa hiyo tafuta thamani ya kweli. Angalia matangazo ya magari ya aina hiyohiyo, mwaka huohuo, kilomita zinazokaribiana, chukua kama kumi, ondoa yale ya bei za ajabu juu na chini. Au lipa mthamini aliyesajiliwa akupe ripoti, ambayo kampuni nyingine huidai wenyewe. Iambatanishe na maombi. Rudia kila mwaka.

Sasa geti lako. Nakupa pole, na nataka uione hesabu yake mpaka mwisho, kwa kuwa somo hili umeshalilipia.

Tuseme gereji ilidai 150, na kiasi cha kwanza unachobeba ni 100. Kampuni ikatoa 50, ile theluthi yako. Kabla ya hapo, kwa punguzo la asilimia 50, ulikuwa unalipa 200 badala ya 400. Mwaka huu unalipa 400. Ikiwa punguzo linarudi kwa ngazi ya asilimia 10 kila mwaka usiodai, mwakani utalipa 360, kisha 320, 280, 240, ndipo urudi kwenye 200. Jumlisha zile ziada: 200, 160, 120, 80, 40. Ni 600. Umepokea 50 na umetoa 600. Ngazi za punguzo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini umbo la hesabu ni hilohilo. Ningekuwa nimekaa nawe siku ile kwenye gereji ningekushika mkono usitie sahihi.

Toka sasa, kabla ya kudai, mpigie wakala umuulize: nikidai, ada yangu ya mwakani itakuwa ngapi? Andika tarakimu mbili kando kwa kando. Lakini kutodai si kunyamaza. Mikataba mingi inakutaka utoe taarifa ya ajali yoyote hata kama hutadai, unasema tu kwamba ni kwa taarifa. Na akiwepo mtu mwingine aliyeumia, au mali ya mtu imeharibika, toa taarifa siku hiyohiyo bila kuwaza punguzo. Majeraha ya mtu huweza kuwa makubwa kuliko yalivyoonekana barabarani, na hayo ndiyo madai yanayouza nyumba za watu.

Punguzo likisharudi, uliza kama kampuni ina ulinzi wa punguzo, yaani nyongeza ndogo inayokuruhusu dai moja bila kushushwa ngazi. Kwa mwenye asilimia 50 mara nyingi inalipa. Kwako mwaka huu haina kazi, huna cha kulinda.

Kutokana na geti hilohilo kuna njia nyingine. Kama umeshaamua madai madogo utayabeba mwenyewe, basi kwa nini unalipia haki ya kuyadai? Omba kiasi cha kwanza kipandishwe, tuseme kutoka 100 hadi 250, waulize ada inashuka kwa kiasi gani. Kampuni inapenda hivyo kwa sababu inaepuka makaratasi ya taa na bampa. Sharti langu ni moja tu: hizo 250 uwe nazo zimekaa mahali, zisizoguswa. Kama huna, usipandishe. Nimewaona watu ambao gari limekaa gereji miezi miwili limeshatengenezwa, linangoja mwenyewe apate sehemu yake.

Kuhusu bima ndogo, hapa shemeji anastahili kusikilizwa. Bima ndogo inawalipa wengine utakaowadhuru, na ndiyo ambayo sheria katika nchi nyingi inakulazimisha kuwa nayo. Uingereza kwa mfano iliiweka kwenye sheria mwaka 1930. Gari lako lenyewe hailigusi. Mkopo mmeshamaliza, kwa hiyo benki haiwezi kuwalazimisha kubaki na kubwa. Jiulizeni swali hili usiku mkiwa wawili: gari likiibwa leo, mnaweza kununua jingine bila kukopa na bila kula ada za shule za watoto? Jibu likiwa ndiyo, bima ndogo ni uamuzi halali wa watu wazima, na tofauti ya ada muiweke akiba kila mwaka kweli, isiyeyuke. Jibu likiwa hapana, bakini na kubwa. Katikati pia kuna bima ya watu wengine pamoja na moto na wizi, ambayo kwa gari la miaka tisa huwa naipenda, kama mnaiuziwa kwa bei ya maana. Mimi kwa ulivyoeleza, na mapato ya mume wako yakitegemea gari hilo, nisingeliacha gari lenyewe bila kinga mwaka huu.

Mpwa wako mtoe. Dereva wa miaka 22 huongeza ada kwa sababu vijana wapya barabarani hupata ajali nyingi zaidi kwa kila kilomita, hata kama yeye ni mtulivu. Ila ukimtoa, ametoka. Akija likizo usimpe ufunguo akanunue mkate.

Waambie pia kuhusu siku tatu za kufanyia kazi nyumbani. Kampuni nyingi huuliza kilomita za mwaka, na zako zimeshuka. Soma namba za kwenye dashibodi leo, linganisha na kitabu cha sevisi cha mwaka jana, utoe makadirio ya kweli. Lakini kilomita za mume wako za jioni zimo humo humo, usitoe zako ukasahau zake. Kuna bima zinazotumia kifaa au programu inayorekodi mwendo, breki na saa za kuendesha. Kwa mtu kama wewe peke yako ningesema ijaribu. Kwa gari linalozunguka usiku mjini, kifaa hicho kinaweza kuwageuka.

Mengine ni mafupi. Lipa mara moja ukiweza, maana awamu za mwezi mara nyingi zina riba ndani yake. Pitia nyongeza ulizoandikiwa, kama gari la kukodi wakati lako liko gereji au huduma ya kuvutwa, uone kama hulipii kitu ulichonacho tayari kwingine. King'amuzi cha wizi hupunguza ada pale tu kampuni inapokitambua, kwa hiyo uliza kabla hujakinunua.

Na tafuta bei kwingine. Wiki tatu ulizo nazo zinatosha, usizipoteze. Mteja wa miaka mingi si lazima awe na bei nzuri. Huko Uingereza tabia ya kuwatoza wanaohuisha zaidi ya wateja wapya ilienea mpaka mamlaka ya kusimamia fedha ikaipiga marufuku kuanzia Januari 2022. Chukua bei kwa kampuni nne au tano, moja kwa moja na kupitia dalali wa bima. Wape wote maelezo yaleyale: thamani ileile, kiasi cha kwanza kilekile, madereva haohao, matumizi ya abiria yametajwa, dai la geti limetajwa. Bei isiyolingana na nyingine kwa umbali mkubwa, soma mkataba wake neno kwa neno kabla hujafurahi. Kisha rudi kwa kampuni yako na ile bei ya chini mkononi. Mara nyingi wanashuka, na mimi nimewashusha wakubwa zangu kazini kwa njia hiyohiyo kwa ajili ya wateja.

Ukihama, omba barua ya historia ya madai yako, ikionyesha miaka mitano safi kabla ya lile dai. Kampuni nyingine humhesabia mtu miaka hiyo hata kama ile ya sasa imemfutia punguzo lote. Bima mpya ianze siku ileile ya zamani inapokwisha. Hata siku moja ya pengo ni gari lisilo na bima.

Kuna kitu kimoja hukukiuliza. Katika mkataba wako tafuta jina la benki. Kwa kuwa gari lilikuwa la mkopo, huenda benki iliandikwa kuwa ndiyo ya kulipwa kwanza gari likiharibika kabisa au likiibwa. Kumaliza mkopo hakulifuti jina hilo lenyewe. Nenda benki uombe barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha, uipeleke kwa kampuni ya bima waliondoe, wakupe karatasi mpya. Barua za namna hii huchukua siku kadhaa, kwa hiyo nenda kaiombe wiki hii, kabla ya kuanza kupiga simu za bei.